Kamera ya kufuata kichwa kwenye michezo ya urubani: ipi inafaa chumba chako?

Ukizunguka uwanja wa ndege wa Luano kwa macho katika mchezo wa urubani, tatizo linakuja kabla ya kona ya mwisho: njia ya kurukia iko nyuma ya bega lako la kushoto, na skrini inaonyesha mbele tu. Unaweza kutazama kwa kitufe cha joistiki, lakini kidole kinachotafuta kitufe ndicho kilichopaswa kushughulikia trimu, kidhibiti kinachoiweka ndege sawa bila kuishikilia muda wote. Kamera ya kufuata kichwa inaondoa kazi hiyo. Unageuza kichwa digrii 20 au 25, rubani wa ndani ya mchezo anageuka digrii 90 na zaidi, na macho yako hayatoki kwenye skrini.

Muuzaji wa kamera mjini Lubumbashi, kama muuzaji wa popote, atakutajia megapikseli kwanza. Kwa kazi hii namba hiyo ina uzito mdogo. Kamera inayotoa picha ya 640×480 inatosha kabisa. Kinachoamua ni mambo mawili: kamera inatoa fremu ngapi kwa sekunde katika mwanga wa chumba chako, na kama unaweza kuizuia isijipangie mwanga yenyewe. Kwa hiyo kiangalie chumba kwanza, halafu chagua kamera. Wengi hufanya kinyume, ndipo wanapoishia na kamera nzuri isiyofanya kazi saa moja usiku umeme wa SNEL ukiwa umekatika.

Kwa fremu 30 kwa sekunde, kichwa chako kinasomwa kila baada ya milisekunde 33. Kwa 60 ni kama milisekunde 17, kwa 120 ni 8 tu. Kamera ya fremu 30 ikikosa mwanga hurefusha muda wa kukusanya mwanga kwenye kihisi chake, na bila kukuambia inashuka hadi 15. Hapo usomaji unakuja kila milisekunde 67, picha ya kila fremu ina ukungu kwa sababu kichwa kilikuwa kinatembea, na ndege inaonekana kuvutwa na mpira kila unapogeuka. Watu hulaumu programu, kumbe ni taa ya dari.

Programu yenyewe si swali gumu. Opentrack, inayosoma mwendo wa kichwa kutoka kwenye kamera na kuupeleka kwenye mchezo, ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows na Linux, na inazungumza na Microsoft Flight Simulator, X-Plane, DCS World na FlightGear. Karibu kila kamera iliyotajwa hapa inapita humo, kasoro TrackIR na Tobii zinazokuja na programu zao.

| Chaguo | Fremu kwa sekunde | Mwanga chumbani | Unavaa kitu? | Gharama |
|---|---|---|---|---|
| Kamera ya kawaida ya USB | 30, chache 60 | lazima, tena kutoka mbele | hapana | huenda unayo tayari |
| PS3 Eye iliyofunguliwa | 60 | hauhitajiki | taa 3 za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) | kamera kuukuu na kazi ya mikono |
| TrackIR 5 | 120 | hauhitajiki | kibanio | karibu dola 150 kabla ya usafirishaji na ushuru |
| Simu | kwa kawaida 30 | lazima | hapana | programu ya simu tu |

Kamera ya kawaida ya USB

Hapa hakuna kitu cha kuvaa. Ndani ya opentrack unachagua NeuralNet, nayo inatafuta uso wako katika picha na kukisia umegeukia wapi. Kabla ya kusoma, inaupunguza uso kuwa picha ndogo, ndiyo maana 1080p haikuongezei chochote ila mzigo kwenye prosesa. Iweke kwenye 640×480.

Tukilinganisha zinazopatikana kwa urahisi: Logitech C270 inatoa fremu 30 na ina pembe ya kuona ya digrii 55. C920 nayo ni fremu 30, lakini pembe yake ni digrii 78. C922 ina pembe hiyo hiyo na inafika fremu 60 kwa 720p. Kwa meza ambapo uso uko sentimita 60 hadi 80 kutoka kwenye kamera, pembe nyembamba ya C270 ni faida, kwa kuwa uso unajaza sehemu kubwa ya picha. Tena fokasi yake haibadiliki. C920 hujitafutia fokasi kila unaposogea, na katika nusu sekunde hiyo ufuatiliaji unayumba. Izime fokasi hiyo katika mipangilio ya kamera. Fremu 60 za C922 zinaonekana kwa mtu anayeruka helikopta au vita vya angani. Kwa anayepeleka abiria Kolwezi kwa ndege ya injini mbili, tofauti si ya kulipia.

Mipangilio mitatu hugeuzwa siku ya kwanza. Ondoa alama kwenye kisanduku kinachoruhusu kamera kupunguza fremu mwanga ukififia. Weka kipimo cha kuzuia kumetameta kuwa 50 Hz, kwa sababu umeme wetu ni wa 50 Hz. Kamera nyingi hufika zikiwa kwenye 60, na picha inakuwa na mistari inayotembea. Kisha zima mwanga wa kujipangia na uuweke mwenyewe mpaka uso uonekane vizuri bila ukungu unapotikisa kichwa.

Uso mweusi mbele ya dirisha jeupe ndio mtihani mgumu kuliko yote kwa kamera hizi. Kamera inapima mwanga wa picha nzima, dirisha linaivuta, na uso unabaki kivuli kisicho na macho wala pua. Programu haina cha kushika. Suluhisho si kamera ghali zaidi: geuza meza ili dirisha liwe mbele yako au ubavuni, na usiku weka taa mbili za LED, moja kila upande wa skrini, zikikuelekea kwa mshazari. Taa moja ya dari huacha macho kwenye kivuli cha paji la uso, na kofia yenye ukingo huzidisha.

Hata kwa mwanga mzuri njia hii ina mpaka wake. Ukigeuka kupita digrii 40 hivi, shavu moja linapotea na usomaji unaanza kukisia. Panga mkunjo ndani ya opentrack, yaani mchoro unaoamua mchezo ugeuke kiasi gani kichwa kikigeuka, ili digrii 30 za kichwa ziwe tayari digrii 130 ndani ya mchezo, hutahitaji kufika huko. Na kwenye laptopu ya zamani yenye prosesa ya viini viwili, NeuralNet itagombania prosesa na mchezo wenyewe. Kama mchezo tayari unakwama, njia ya taa za infraredi ni nyepesi mno kwa prosesa, kwa sababu inatafuta nukta tatu nyeupe kwenye picha nyeusi, basi.

PS3 Eye na taa tatu

Hii ni kamera ya Sony ya mwaka 2007, iliyotengenezwa kwa ajili ya PlayStation 3. Inatoa fremu 60 kwa 640×480, na ukishusha hadi 320×240 inafika 120. Ilitengenezwa kufuata mwendo ndani ya sebule yenye mwanga hafifu, ndiyo maana mpaka leo inashinda kamera mpya nyingi katika kazi hii. Kwa maoni yetu ndiyo chaguo bora kwa mtu wa Lubumbashi anayeruka usiku na asiyeogopa bisibisi.

Usinunue ndugu zake kwa kuchanganya. EyeToy ya PlayStation 2 inafanana kwa jina lakini picha yake ni ndogo na ya polepole. Kamera ya PlayStation 4 ina plagi ya pekee isiyoingia kwenye USB. PS3 Eye ina plagi ya kawaida ya USB, na lenzi inayozungushwa kwa mkono: alama nyekundu ni pembe ya digrii 56, ya buluu ni 75. Kwa meza, weka kwenye nyekundu. Kwenye Windows inahitaji draiva yake, kama CL-Eye. Linux inaijua bila kuwekewa chochote.

Kamera ikitoka dukani ina kioo kidogo nyuma ya lenzi kinachozuia infraredi. Lazima kitoke, kwa sababu kamera itafuata taa tatu za infraredi utakazovaa kichwani. Nyuma ya kamera kuna vifuniko vinne vya mpira, chini yake skurubu. Ganda limebana, lifungue kwa kadi ya plastiki, si kisu, ukianza pembeni. Ndani, skurubu mbili nyuma ya bodi zinashikilia nyumba ya lenzi. Ukiitoa, kihisi kinabaki uchi, na hapa msimu wa kiangazi unaleta shida: vumbi letu jekundu likitua juu yake linabaki kama doa kwenye kila fremu. Funga madirisha, elekeza kihisi chini, na ukipuliza tumia mpira wa kupulizia, kamwe si mdomo, kwa sababu matone ya mate hayafutiki kirahisi.

Kioo kinachotafutwa kiko mwisho wa nyuma wa lenzi. Ukikiinamisha kwenye mwanga kinang'aa wekundu. Kimegandishwa kwa gundi. Chokonoa ukingo wake kwa ncha nyembamba, ukivaa miwani, maana mara nyingi hutoka vipande vipande. Ukikwaruza lenzi yenyewe kamera imekwisha, kwa hiyo ncha ielekee nje daima. Mahali pa kioo weka kipande cha kuzuia mwanga wa kawaida: karatasi ya ndani ya disketi ya zamani, au ncha nyeusi kabisa ya negativu ya picha za rangi iliyosafishwa, safu mbili. Wapiga picha wa zamani bado wana mikanda hiyo kwenye maboksi.

Baada ya kufunga, picha itakuwa na ukungu kidogo kwa sababu njia ya mwanga imebadilika. Usihangaike nayo sana. Nukta iliyopanuka kidogo inampa programu pikseli nyingi za kuhesabia kitovu chake, na mwendo unakuwa laini kuliko nukta kali ya pikseli mbili.

Sasa taa. Tafuta LED za infraredi za nanomita 850, si 940. Vihisi vya kamera huona 850 vizuri zaidi. Kamera za ulinzi zilizoharibika zina duara zima la taa hizi, na utazitambua kwa urahisi: za 850 zikiwaka gizani zinaonyesha wekundu hafifu, za 940 hazionyeshi kitu. LED ya rimoti ya televisheni ni ya 940 na mwale wake ni mwembamba. Itafanya kazi ukitazama mbele, kisha nukta itazimika ukigeuka digrii 25. Mwale mwembamba unaweza kupanuliwa kwa kusugua kichwa cha LED kwenye msasa laini mpaka kiwe bapa.

Kuna namna mbili za kuunganisha kwenye volti 5 za USB. Ya kwanza ni kuzipanga zote tatu kwa mstari mmoja na rezista moja ya omu 18 au 22. Kila LED inachukua kama volti 1.4, zote 4.2, kwa hiyo inabaki chini ya volti moja kwa rezista. Kwenye tundu zuri la USB inawaka vizuri. Kwenye tundu lililochoka linalotoa volti 4.6, mkondo unaanguka nusu na nukta zinafifia. Ya pili ni kumpa kila LED rezista yake ya omu 82, robo wati, kisha zote tatu sambamba. Kila moja inapata kama miliampea 44, jumla 130, na volti ikiyumba mwanga unayumba kidogo tu. Chagua ya pili. Ina faida nyingine kwa anayetumia pawabenki: pawabenki nyingi hujizima zikiona mzigo mdogo sana, na mpangilio wa kwanza wenye miliampea 40 hivi mara nyingi hautoshi kuzizuia zisijizime. Hata 130 si hakikisho kwa pawabenki zote, jaribu yako kwa robo saa kabla ya kufunga kila kitu na gundi.

Taa hizo zifungwe ubavuni mwa hedifoni kwenye waya mgumu, moja juu, moja katikati, moja chini, jumla ya urefu sentimita 10 hivi. Ya katikati isiwe kwenye mstari mmoja na nyingine. Iwe mbele au nyuma yao kwa sentimita 3 hadi 8. Bila kina hicho programu haiwezi kutofautisha kuinama na kusogea chini. Pima umbali kwa milimita, kutoka kitovu cha LED hadi kitovu cha nyingine, na uandike namba hizo kwenye PointTracker, sehemu ya opentrack inayosoma nukta, pamoja na pembe ya lenzi. Ukiandika 75 wakati lenzi iko kwenye 56, kugeuka kutaonekana sawa lakini kusogea mbele na nyuma kutakuwa na kipimo cha uongo.

Punguza mwanga wa kamera mpaka skrini ya majaribio iwe nyeusi na nukta tatu tu. Zikionekana nne, kuna kitu kingine kinatoa infraredi. Jua la mchana ndilo la kwanza kushukiwa, hata likipita kwenye pazia. La pili ni balbu ya zamani ya waya. La tatu, ambalo watu hawalifikirii, ni mshumaa uliowashwa nyuma yako umeme ulipokatika: moto wake una infraredi tele, na ndege inaanza kuruka-ruka mwali unapocheza. Taa za LED za kuchaji hazina shida hiyo. Nukta ikionekana hata taa zako zikiwa zimezimwa, sogeza kamera mpaka itoke kwenye picha, au pandisha kiwango cha chini cha ukubwa wa nukta.

Jambo la mwisho kwa kamera hii ni tundu la USB. Picha yake haijabanwa: pikseli 640×480, baiti mbili kila moja, mara 60, ni karibu megabaiti 37 kwa sekunde, sehemu kubwa ya uwezo halisi wa USB 2.0. Ukiichomeka kwenye kigawanyo kimoja cha USB pamoja na joistiki na diski ya nje, fremu zitapotea. Ipe tundu lake moja kwa moja kwenye kompyuta.

TrackIR 5

TrackIR ya NaturalPoint, kampuni ya Marekani, ni kazi ile ile iliyofanywa kiwandani. Kamera ina taa zake za infraredi, lenzi ya digrii 51.7, kihisi cha 640×480 na fremu 120. Unavaa kibanio chepesi chenye vipande vinavyoakisi mwanga, au kile kiitwacho TrackClip PRO chenye LED tatu zake na waya wa USB. Michezo mingi ya urubani inaitambua bila maelezo yoyote ya ziada.

Ni nzuri, na kwa mwenye fedha inaokoa siku za kuhangaika. Lakini pima haya. Programu yake ni ya Windows tu. Kompyuta haiioni kama kamera ya kawaida, kwa hiyo huwezi kuitumia kwa mikutano ya video. Waya wa TrackClip PRO ni mwembamba na hukatika karibu na kibanio, ingawa fundi yeyote wa simu anaweza kuulehemu. Kibanio cha kuakisi kwa upande wake kinachanganywa na vitu vinavyong'aa: fremu ya miwani, chuma cha hedifoni, kioo cha picha ukutani. Na usafirishaji mpaka Lubumbashi unaweza kuongeza bei kwa kiasi cha kuuliza mapema, si baada ya kulipa.

Simu

Simu ya kawaida ikisimamishwa chini ya skrini inaweza kusoma uso na kutuma namba kwa opentrack. SmoothTrack ni programu moja ya kulipia inayofanya hivyo, kwenye Android na iPhone. Upande wa opentrack chagua UDP (njia ya kupokea namba kupitia mtandao), mlango 4242. Kwenye simu andika anwani ya kompyuta kama inavyoonyeshwa na amri ya ipconfig, na ruhusu opentrack kwenye ukuta wa moto wa Windows, vinginevyo namba hazifiki na hakuna ujumbe wa kosa unaotokea.

Usitumie Wi-Fi kama unaweza kukwepa. Unganisha simu kwa kebo na uwashe kushiriki mtandao kwa USB: namba zinapita kwenye kebo, hazicheleweshwi, na simu inachajiwa. Kwenye Android, zima data ya simu kwanza, la sivyo Windows itaanza kupakua masasisho kwa vifurushi vyako. Simu itapata joto baada ya saa moja. Itoe kwenye kava. Udhaifu wa mwanga ni ule ule wa kamera ya USB, ila kihisi cha simu mara nyingi ni bora kuliko cha kamera ya bei nafuu au ya laptopu. Kama bado hujui kama utapenda kufuatwa kichwa, anzia hapa.

Tobii Eye Tracker 5 inasoma kichwa na macho pamoja, haivaliwi, na gizani inafanya kazi. Ni ya Windows, bei yake ni zaidi ya dola 200, na kwa urubani pekee haikupi cha ziada kinacholingana na tofauti hiyo.

Kwa chumba kipi, kamera ipi

Unaruka mchana au una taa za uhakika mbele ya uso: kamera ya USB uliyo nayo, na NeuralNet. Usinunue kitu mpaka uijaribu kwa wiki moja ikiwa na mwanga uliopangwa sawasawa.

Unaruka usiku kwa laptopu, umeme unakatika, chumba kinabaki giza: infraredi, bila mjadala. Laptopu inaendelea kwa betri, taa zako tatu zinaendelea kwa USB, na ndege haijui kama mtaa wote wa Katuba umezimika. Ukiwa na mkono wa ufundi au fundi unayemwamini, chukua PS3 Eye. Ukiwa na fedha kuliko muda, TrackIR.

Unatumia Linux na FlightGear: PS3 Eye tena, au simu.

Unaruka mchana mbele ya dirisha kubwa na meza haiwezi kugeuzwa: hapa infraredi na uso vyote vinateseka. Pazia zito litakusaidia kuliko kamera yoyote iliyotajwa.

Kabla ya kulipia kamera iliyotumika, iwe katikati ya mji au soko la komini ya Kenya, nenda na laptopu na rimoti ya televisheni. Chomeka kamera, angalia kama inafika fremu zinazodaiwa, kisha ielekezee rimoti na ubonyeze kitufe. Mwanga mkali wenye rangi ya zambarau au mweupe unaonyesha kwamba kichujio cha ndani, kile kioo kinachozuia infraredi, ni dhaifu, au tayari mtu alishakitoa, na kamera hiyo inaweza kufuata LED bila kufunguliwa. Ukiona nuru hafifu tu, kichujio kipo, na kazi ya bisibisi inakusubiri. Zungusha lenzi ya PS3 Eye kutoka nyekundu hadi buluu pia. Iliyokwama huwa ilikwisha kufunguliwa na kufungwa vibaya, na hapo omba upunguziwe bei au iache.